Ujumbe wa Pili

Naomba nisisifiwe kwa siku ile niliyokimbia. Waliokuwepo kwenye ile zahanati ya Sombetini walidhani nimekimbia kwa kumpenda baba yangu. Nampenda, ndiyo, lakini nilikimbia kwa sababu nilijua nilichokifanya.

Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimewatengenezea programu ya kuandikiana. Mapokezi yako jengo la mbele, chumba cha sindano kiko nyuma, ng'ambo ya ua, na dada wa mapokezi alikuwa amechoka kukanyaga matope kila mara kwenda kumwambia nesi neno moja. Nikavuta kebo, nikaziunganisha kompyuta mbili kwa soketi, yaani mlango ambao maneno hupitia kutoka mashine hii kwenda ile na kurudi. Wakafurahi mno, wakaninunulia soda.

Sasa, maongezi ya pande mbili yanataka programu igawanywe kazi mbili zinazokwenda kwa pamoja, thredi mbili: moja isikilize tu, nyingine ipeleke tu, bila kungojeana. Chuoni tulifundishwa. Zangu ziligoma mara mbili tatu, nikazifuta kwa hasira. Nikajiambia, kwani watu wenye adabu si huongea kwa zamu? Kwetu Ngarenaro ukimwamkia mtu mzima shikamoo, husemi shida yako mpaka aitikie marahaba. Basi nikaiandika hivyo hivyo: mapokezi wakishapeleka neno, programu inakaa kungoja jibu. Tulipoijaribu, mimi huku na dada kule, tulipeana zamu kistaarabu na kila kitu kikaenda sawa.

Asubuhi ile nilimpeleka baba, ambaye ni fundi cherehani, kidonda cha mguu kikiwa kimevimba. Daktari akaandika sindano ya penisilini. Baba akavuka ua taratibu, mimi nikabaki mapokezi nimeegemea meza. Dada akamwandikia nesi: "Mzee anakuja, penisilini." Ndipo akalipata faili la zamani la baba, akalifungua, akashtuka.

"Mungu wangu! Mzee wako ana aleji. Wameandika hapa alichomwa hiyo hiyo akazimia, almanusura afe."

Baba ni mtu wa kuficha maradhi. Hakuwahi kutuambia.

Dada akaandika haraka: "SIMAMISHA. ANA ALEJI." Akabonyeza, akaegemea kiti, akashusha pumzi. "Tayari, nimeshamwambia."

Nikaangalia skrini. Maneno yalikuwepo, kwa herufi kubwa. Juu yake kulikuwa na ujumbe wa kwanza, na nesi alikuwa hajaujibu. Programu yangu ilikuwa bado inangoja aitikie, na mpaka aitikie, ujumbe wa pili usingeondoka pale mezani. Naye asingeitikia, maana wakati huo mikono yake ilikuwa inavuta dawa kwenye bomba la sindano.

"Dada, haijaenda!"

"Si hii hapa? Huioni?"

Nilishatoka. Ua ule ni hatua arobaini labda. Niliteleza, goti likagonga tofali, ndala moja ikabaki kwenye matope. Niliogopa hata kupiga kelele, nisije nikamshtua nesi akaisukuma sindano. Kisha nikasikia sauti ya baba dirishani, "Bismillahi," nikajua ameshajiandaa kuchomwa. Hapo nikapiga ukelele ambao sijui ulitoka wapi.

Nesi, mama wa makamo, aligeuka na sindano mkononi. "We binti, una wazimu?"

Nilipomweleza kuhusu aleji, akaiweka sindano kwenye trei. Nikachungulia kompyuta yake. Palikuwa na ujumbe mmoja tu.

Kesho yake niliiandika programu upya kwa thredi mbili, na safari hii sikuzikasirikia. Lakini sikumwambia mtu kwa nini. Dada wa mapokezi alisema kompyuta imemwokoa mzee, na baba akaipokea habari hiyo kama ilivyo, akawa anawasimulia wateja wake huku anawapima mabega. Nilimwacha asimulie.

Mpaka siku moja akasimamisha cherehani katikati ya mshono. "Hivi mama, kama kompyuta ilishawaambia, wewe ulikuwa unakimbilia nini?"

Nikamweleza yote, macho chini. Nilitegemea matusi, na ningeyapokea kwa shukrani. Baba hakutukana. Alikata uzi, akakitoa kitambaa kwenye cherehani.

"Na wale waliochomwa kabla yangu," akauliza, "wiki zile tatu? Wao nani aliwakimbilia?"

"Sijui, baba."

Akakifunika cherehani. "Basi twende tukaulize."

Nikamshika mkono, nikamwomba tusiende.