Fundi Besi na vyura wa machimboni

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Fundi Besi anavua viatu, anaviweka juu ya jiwe, kisha anaanza kutembea taratibu ukingoni mwa bwawa kama mtu aliyedondosha sindano. Kila baada ya hatua tatu anasimama, anatulia, anasikiliza kwa nyayo.

Hatua chache nyuma yake anamfuata mkewe, kanga kiunoni, daftari mkononi. Mzee akitikisa kichwa, mama anaandika. Akikunja uso, mama anaandika zaidi.

"Hapa pako shwari," anasema mzee. "Pale kwenye mwamba bado kuna kitu kinaniwasha."

Leo ni siku ya kwanza ya tamasha dogo linalofanyika kila mwaka mvua zinapoanza, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa miaka mingi iliyopita. Shimo lilijaa maji, majani yakaota, vyura wakahamia. Sasa, kwa siku mbili, wanamuziki na watafiti wa viumbe hukutana hapa na watu wasiozidi mia mbili na hamsini. Jenereta hairuhusiwi. Umeme wote unatoka kwenye paneli kumi na mbili za sola, na kila anayekuja huja na kikombe chake.

Mwenye dhamana ya sauti ni huyu mzee wa miaka sitini na moja, asiyesikia vizuri.

Jina la Besi alilipata kwenye harusi. Kwa miaka thelathini alikodisha muziki, akianza na spika mbili alizounda mwenyewe, mpaka akafikisha kumi na sita. Watu walimpenda kwa sababu muziki wake ulitikisa vyombo kabatini mtaa wa pili. Anakiri kwamba alijivunia hilo. Bibi harusi asipoziba masikio, anasema, alijiona hajafanya kazi.

Miaka minne iliyopita, waandaaji wa tamasha walimfuata kwa sababu alikuwa fundi pekee aliyekubali kufanya kazi bila jenereta. Siku ya kwanza ya maandalizi, mtafiti wa vyura, binti mwenye umri wa kitinda mimba wake, aliwapitishia wenzake hedifoni wasikilize sauti za bwawa alizozirekodi. Mpiga filimbi alisikiliza akatabasamu. Mwalimu wa kwaya alifumba macho. Zilipomfikia Fundi Besi, aliona zimekufa. Akatoa bisibisi mfukoni, akazifungua palepale.

Mkewe, aliyekuwa amemletea chakula, alizichukua akajaribu kuzivaa.

"Baba watoto," alimwambia kwa upole, "zinalia."

Vipimo vya hospitali vilieleza kilichobaki. Sauti zote nyembamba zilikuwa zimemtoka, sikio la kulia zaidi ya la kushoto: panya, nyenje, kengele ya baiskeli, sauti za wajukuu wakimwita getini. Nzito alizisikia bado. Daktari alimwambia kilichopotea hakirudi.

Nyumbani kilio kilikuwa cha mkewe, lakini si kwa sababu ambayo mtu angeidhania.

"Miaka sita nilimnunia mtu asiyenisikia," anasimulia, na sasa anaweza kucheka. "Namuuliza jambo nikiwa jikoni, kimya. Nikasema huyu mwanamume amenichoka. Nikaanza kumpikia chai bila sukari makusudi."

Fundi Besi anasema chai ile aliiona, ila hakuthubutu kuuliza.

Siku mbili hakutoka ndani. Fundi wa sauti asiyesikia, alijiambia, ni sawa na mpishi aliyepoteza ulimi. Aliandaa maneno ya kujitoa kwenye tamasha kabla aibu haijamkuta mbele za watu. Mkewe ndiye aliyemkalisha chini. Alimwambia ashike nyaya, yeye atashika masikio. Wakakubaliana ishara: kidole juu, sauti inachoma; kiganja chini, imezama; mkono kifuani, acha hivyohivyo.

Mpango ule ulijaribiwa mapema kuliko walivyotarajia.

Mpiga filimbi alikuwa ametunga wimbo wenye mapengo. Angepuliza kidogo, angenyamaza, na pengo lingejazwa na vyura wenyewe, ambao huanza kuimba jioni kiza kinapokaribia. Ni vyura wadogo, hawazidi ukucha wa kidole gumba, na msimu wao wa kutafutana wenza ni wiki chache tu. Mtafiti alikubali tamasha liwepo kwa sharti moja lililoandikwa na kutiwa saini: vyura wakinyamaza jioni mbili mfululizo, watu wafunge virago siku hiyohiyo.

Jioni ya kwanza ya mazoezi, baada ya mitambo kuunganishwa, bwawa lilinyamaza.

Ya pili ilipowadia, wakazima taa zote. Kimya. Wakazima spika, wakawasogeza wanakwaya mbali na maji, wakavua hata nguo zenye rangi kali. Kimya. Mtafiti alipima maji, akapima joto, hakuona kasoro. Mwishowe alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akawaambia wenzake kwamba pale ni kwa vyura, wao ni wageni, na mgeni asiyetakiwa huaga. Mpiga filimbi alianza kukunja nguo aliyoifutia filimbi.

Fundi Besi alikuwa amevua buti kwa sababu lilijaa matope. Alipokanyaga chini akahisi kitu kama mchwa wakitembea chini ya unyayo. Akainua mguu, kikaisha. Akakanyaga tena, kikarudi. Akalala kifudifudi kwenye matope, kiganja chini, shavu chini, na nusu ya watu waliokuwepo wakadhani mzee ameanguka.

"Nilimkimbilia," anasema mtafiti. "Akanipungia mkono ninyamaze. Akaanza kutambaa."

Alitambaa mpaka kwenye inveta, lile sanduku linalochukua umeme wa betri na kuufanya ufae kuendesha spika. Walikuwa wameliweka juu ya zege la zamani, palipofungwa mashine ya kusaga kokoto enzi hizo, kwa sababu palikuwa pakavu. Spika zilikuwa zimezimwa, lakini sanduku halikuzimwa. Lilikuwa likinguruma kidogo sana, mngurumo ambao wenye masikio mazima walishauzoea na kuusahau. Zege liliupokea, likaupeleka kwenye mwamba, na mwamba ule unaingia majini.

Akazima. Mchwa wakatoweka. Akawasha, wakarudi. Alirudia mara tatu ili awe na hakika, ndipo akainuka na kumwita mtafiti.

"Mwanangu, weka mguu wako hapa," alimwambia. "Wewe ungekuwa chura, ungelala kwenye kitanda hiki?"

Walilitoa sanduku pale wakalihamishia kwenye udongo laini ng'ambo ya njia. Fundi akapanga matairi mawili mabovu, juu yake magunia ya maranda kutoka kwa seremala, juu ya magunia sanduku. Akalala tena chini kando ya maji. Safari hii alikaa muda mrefu, kisha akasema ardhi imetulia.

Kiza kilikuwa kimeshaingia. Watu zaidi ya thelathini walisimama bila kukohoa. Mkewe alikuwa nyuma yake, mkono begani. Dakika zikapita. Yeye hakusikia kitu, wala hakutarajia kusikia.

Kisha mkewe akamgusa bega kwa kidole, mara moja. Kitambo kidogo, tena. Halafu mara mbili, mara tatu, kwa kasi, kidole kikawa kinapiga kama mtu anayeandika kwa mashine. Mwisho alishindwa kuhesabu, akamkumbatia tu.

"Niliwasikia kwa mkono wa mke wangu," anasema Fundi Besi. Kisha anageukia nyaya zake.

Tangu mwaka ule mtafiti amepata chombo cha kupima mitetemo. Hata hivyo kila maandalizi humwacha mzee atangulie peku, yeye afuate na chombo, kisha walinganishe na daftari la mama. Mwaka jana walitofautiana sehemu moja tu: mzee alihisi mtetemo, chombo hakikuonyesha kitu. Walipochimba wakakuta bomba la chuma limefukiwa.

Si kila kitu kilinyooka. Kwenye harusi, wapo wateja waliomkimbia tangu aanze kupunguza sauti. Wanaiita sauti ya wodini. Kifaa cha masikio alichopewa hospitali anakivaa kwa manung'uniko, maana kinamfanya asikie sahani kama mabati yanayoanguka. Mkewe anamwambia heri mabati, sasa angalau anaitika.

Kinachomnyima utulivu mwaka huu ni sakafu ya mbao yenye urefu wa mita sita, iliyoinuliwa kidogo kutoka chini, mbali na mwamba. Chini yake amefunga spika nne zikitazama juu. Kesho wanafunzi ishirini na watatu wa shule ya viziwi watapanda hapo bila viatu wakati kwaya ikiimba.

Jana mwalimu wao, ambaye naye ni kiziwi, alikuja kuijaribu huku wimbo ukipigwa. Alikanyaga ubao mmoja mmoja, akarudi nyuma, akasimama kona ya kushoto muda mrefu. Akaandika kwenye simu yake na kumwonyesha mzee: "Hapa wimbo haufiki."

Fundi Besi alisimama kona ileile. Ni kweli, haukufika. Akafungua ubao, akakuta msumari umeikaba spika.

Anasema mpango wake ni kujenga sakafu kama hiyo shuleni kwao, ya kudumu, darasa la mwisho karibu na ukuta, na seremala ameshakubali kutoa mbao. Lakini hataki kuipanga peke yake.

"Mwalimu yule ana miguu mizuri kuliko yangu," anasema. "Mimi nitapiga misumari. Yeye ataniambia muziki umeishia wapi."