Ndege Isiyo na Kelele

Katika nyumba yetu ya kijijini Miti, papa, baba yangu mzazi, alihama barza akaenda kuishi kwenye kuluwari, ule ujia mwembamba kati ya vyumba. Usiku alilala chumbani kama kawaida, lakini mchana kutwa alikaa kwenye kiti cha mbao katikati ya kuluwari ile isiyo na dirisha, milango imefungwa, redio imezimwa ili asikie vizuri. Alikuwa anasikiliza juu. Tangu zile ndege zisizo na rubani zianze kupita, na moja kuangusha mzigo wake kando ya shamba la kaka yake, papa hakutoka tena nje. Kaka yake tulimzika. Papa hakufika makaburini, maana makaburi yako wazi, hayana dari.

Mimi naishi Bukavu, nafanya kazi ya ofisi, na kila Jumamosi nilipanda Miti kumwona. Daktari alituambia waziwazi, sote wawili, kwamba miguu ya muzee inakauka kwa kukaa. Asipoanza kutembea kabla ya kiangazi, hatatembea tena. Papa alimsikiliza kwa adabu, akamshukuru kwa Kifaransa, akarudi kitini. Nilikasirika hadi nikalia. Mimi si mtu wa kungoja, na hasira yangu ikikosa mtu wa kumwangukia hutafuta kazi ya kufanya.

Kazi ikaja ndani ya kartoni. Ndugu yangu mdogo aliye Ubelgiji alimpa msafiri atuletee ndege ya kuchezea iliyotengenezwa kwa lile povu gumu linalofungiwa televisheni, yenye mabawa marefu, pamoja na telekomande ya kuiongozea na betri zake. Moteri haina. Unasimama ukingoni mwa mlima, upepo ukikukabili usoni, unaitupa mbele, nayo inakaa juu kwa nguvu ya upepo unaopanda mlima. Ndugu yangu alidhani amewatumia watoto wangu zawadi. Mimi nilipoiona nilimkumbuka papa enzi zile, mwalimu wa jiometri, ameketi barza akituonyesha mwewe.

"Muangalie," alikuwa akisema. "Hapigi bawa hata kidogo. Anaikalia upepo."

Chakula kilikuwa kikipoa mezani na hakuna aliyejali. Basi nikaamua kwamba nitajifunza kuirusha, na nikishaijua vizuri nitamtoa papa nje, aone angani kitu kisichomtakia mtu mabaya.

Kuipandisha Miti tu kulinitoa jasho. Njiani kuna vizuizi, na siku hizi mtu mwenye kitu chenye mabawa ana maelezo mengi ya kutoa. Nilichomoa mabawa, nikayafunga ndani ya kitenge pamoja na mboga za lengalenga, nikaupakata mzigo. Kijana mwenye bunduki aliuminya kwa vidole.

"Maman, huku ndani munakuwa nini?"

"Mabawa," nikamjibu, maana nikidanganya hujulikana usoni.

Alicheka sana, akanipa njia. Nilicheka naye, lakini hadi nafika nyumbani nilikuwa bado nasikia vile vidole vyake kwenye kitenge.

Mlima wetu unalitazama ziwa. Asubuhi hewa imelala, lakini jua likishapata nguvu upepo hutoka ziwani, ukapanda kupitia mashamba ya mihogo hadi juu kwenye majani mafupi. Hapo ndipo nilipojifunza, kwa kuangalia video kwenye simu na kwa kuvunja. Mara ya kwanza niliitupa kuelekea mawinguni kama mtu anayerusha jiwe. Ilisimama hewani, ikainamisha kichwa, ikaanguka kwenye mihogo. Nikajifunza kuitupa sawasawa na upeo wa macho, pua ikiwa chini kidogo. Nikajifunza kwamba pua nyepesi ni balaa, nikaifunga misumari kwa utepe wa skochi. Kila kona lazima ikatwe kuelekea ziwani. Ukikata kuelekea mlimani, upepo wenyewe unakusukuma uugonge, na ukipita nyuma ya kilele utakuta hewa imevurugika, haibebi kitu. Kigumu kuliko vyote ni ndege inaporudi kukuelekea, kwa sababu kushoto kwako kumekuwa kulia kwake. Dawa yake ni kusukuma kijiti upande wa bawa lililoinama, kana kwamba unataka kuliegemeza.

Nilipoanza kuikalisha juu muda wa kutosha kuvuta pumzi, chef wa kilima, mkuu wa kijiji chetu, aliniita. Nilikwenda na dumu la kasiksi, pombe ya ndizi ambayo shangazi yangu, anayempikia papa, huitengeneza mwenyewe. Ndizi zake huziivisha katika shimo lililo nyuma ya nyumba, hapo kwenye migomba, akizifunika kwa majani. Chef alionja, akasifu, kisha akaweka kikombe chini.

"Ile kitu yako iko na kelele?"

"Hapana, papa chef. Haina moteri."

"Hiyo njo mubaya ya kwanza. Kitu ya juu yenye haina kelele, batu bangu batajuaje kama inakuya? Uipatie sauti. Sauti yenye tunajua."

Nilimwelewa. Huku kwetu, mtama ukikaribia kukomaa, watu hukaza ukanda wa kaseti kuukuu kutoka mti hadi mti, upepo unauvumisha, ndege walao nafaka wanakimbia. Ni sauti tuliyokua nayo. Nilipata kaseti mbovu ya kwaya, nikaukaza ukanda wake kutoka ncha ya bawa hadi mkiani. Chef akawatangazia watu baada ya misa kwamba Jumamosi wakisikia ule mvumo wasiogope, ni mtoto wa mwalimu. Kila mtu aliambiwa. Papa peke yake hakuambiwa, kwa sababu papa hakwenda misa, na mimi nilikuwa namwekea jambo la kumshtua kwa furaha.

Jumamosi hiyo nilimkuta kitini.

"Papa, leo utatoka na mimi kidogo. Si sasa, nitakuja kukuita."

"Nitoke nikaone nini?" alisema bila kunitazama. "Juu hakuna kitu ya kuona, maman."

Huniita maman kwa sababu nina jina la mama yake. Shangazi alikuwa sokoni. Nilimwachia papa chai, nikapanda.

Upepo ulikuwa mzuri kuliko siku zote. Nilitupa, na ndege ikapanda yenyewe, ukanda ukiimba chini ya bawa. Wanawake waliokuwa wakilima na kuimba bondeni waliinua vichwa, wakapiga vigelegele. Mwewe akaja, akazunguka pamoja na ndege yangu, yule mwenye uhai na yule wa povu, wakipishana kama majirani. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nilishajiona namshika papa mkono, nampeleka barza, namwambia: mwangalie, anaikalia upepo.

Sijui mwewe aliondoka saa ngapi. Nilitazama nikaona ndege yangu iko peke yake. Nikadhani mvua inakuja, ingawa upande wa ziwa palikuwa peupe. Chini wanawake walikuwa wameacha kuimba. Walijitwika majembe, wakaondoka haraka kwa kufuata mstari wa migomba, bila kuitana. Mmoja aligeuka akanipungia mkono. Nami nikampungia. Nilikuwa nimeshiba furaha, na nilidhani ananisalimia.

Jambo moja lilinisumbua. Ndege ilipokwenda mbali, mvumo haukupungua. Ulisikika mnene kuliko wa ukanda mwembamba vile. Nikajiambia ni mlima unarudisha sauti. Niliishusha kwenye majani vizuri kabisa, mara ya kwanza bila kuvunja kitu, nikaiweka ndege kwapani na kushuka kwenda kumwita papa. Masikio yalikuwa bado yananivuma.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Kiti kilikuwa kimeanguka, chai imemwagika kuluwarini. Nilimwita, nikaangalia chini ya vitanda, nikaangalia chooni. Nilifikiri amebebwa, maana miguu ile haikuwa ya kumfikisha hata barza. Kisha nikaona kandambili yake moja uani, na ya pili mbali zaidi, kwenye migomba.

Alikuwa ndani ya shimo la ndizi. Amelala ubavu, amejivutia majani makavu, macho tu ndiyo yanaonekana.

"Ingia," alininong'oneza. "Maman, ingia upesi."

"Papa, ni mimi! Ni ndege yangu, nilitaka uione. Ni kaseti tu, papa, kaseti ya mtama. Angalia."

Alinyoosha mkono, akanivuta kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Niliangukia shimoni na ndege yangu, bawa moja likavunjika. Nilitaka kumkemea. Nilimwekea ndege mbele ya uso, karibu kabisa. Aliutazama ukanda, akaugusa kwa kidole kama alivyokuwa akigusa mistari ubaoni, taratibu, akihakikisha.

"Hii yako iko imenyamaza," alisema.

Ilikuwa kweli. Shimoni hamkuwa na upepo. Ukanda ulikuwa umelegea juu ya magoti yangu, na mvumo ulikuwa palepale, juu ya migomba, unakuja na kuzunguka, unakuja na kuzunguka. Hapo nikajua yule mwanamke hakuwa ananisalimia. Nikajua pia kwamba muda wote ule nimesimama mlimani peke yangu, antena ya telekomande mkononi, nikicheka.

Papa alinikandamiza kichwa chini, akanifunika kwa majani na kwa mwili wake. Nilikuwa naogopa kama mtoto, na ndani ya hofu hiyo nilikuwa nahesabu mbio zake: kuluwari, ua, mteremko mzima wa migomba. Ndicho nilichokuwa nimekiomba majira yote ya mvua. Miguu yake ilinigusa ubavuni, mitupu, imejaa udongo, imekunjwa tayari kukimbia tena.