Msiba wa Mashine Nzima

Mimi si mtu wa kushangaa. Nilianza maisha nikibangua korosho kwa mikono, utomvu ukanila ngozi mpaka vidole vikawa kama nimeazima, na leo nina banda la gemu Masasi mjini lenye televisheni nne na feni mbili. Newala najenga nyumba, kwao mke wangu, kwenye ardhi ya mama mkwe. Shule niliishia darasa la nne, na waliofika chuo wanakuja kwangu kuomba chenji. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna jambo litanishangaza, namwambia akae, acheze, alipe.

Bandani kwangu sheria ni moja, na sikuitoa kwenye kitabu: anayefungwa ndiye anayelipa. Anatoa mia tano, anapisha benchi, anakaa mwingine. Mshindi anaendelea bure mpaka atokee wa kumng'oa.

Sasa mwaka jana minada ya korosho imeanza, vijana wana hela mifukoni, muuzaji wangu wa Dar es Salaam akanipigia simu. Watengenezaji wametoa mashine nyingine ya gemu. Siyo kizazi kipya, kizazi ni kile kile, ila hii ina nguvu zaidi.

"Gemu zake mpya?" nikamuuliza.

"Zile zile, bosi."

"Na mpira?"

"Ule ule. Ila hapa majani ya uwanja unayaona moja moja."

Bei yake milioni mbili laki sita na nusu. Najua wapo watu wanaoulizana kama ni haki kiwanda kutoa mashine yenye nguvu zaidi katikati ya safari, wakati ile ya kwanza haijachoka. Mimi sikuwa na swali. Nilinunua pikipiki baiskeli ikiwa bado nzima, na hakuna aliyeniandikia barua ya malalamiko. Mtu wa maendeleo hasubiri kitu kiharibike.

Tatizo dogo lilikuwa moja tu: hela iliyokuwepo ndani ilikuwa ya bati.

Asiyeijua Newala atadhani bati ni la kuzuia jua. Kule juu mlimani maji ni kazi. Bati ndilo linalokinga maji ya mvua, mfereji unayapeleka kisimani, na familia inakunywa hayo hadi kiangazi. Kisima nilishakijenga, kikubwa kuliko vya majirani wote, nimekisakafia kwa saruji mpaka kinateleza. Kilichobaki ni bati.

"Mume wangu," mke wangu akasema, "mawingu yameanza kukusanyika. Mvua ikipita na kisima kitupu, mama yangu nitamwambia nini?"

"Mwambie mkwe wake anamletea bati za msauzi, za rangi. Mashine hii inarudisha hela kabla ya tone la kwanza."

"Ya zamani imekosa nini?"

"Haijakosa kitu."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi tu," akasema, akaenda kuanika nguo.

Mashine ikaja. Nikaichukua ile ya zamani iliyokuwa kwenye televisheni ya mbele, nikaiweka rafuni na kuifunika kitambaa cheupe isiingie vumbi. Mpya nikaipanga mahali pake, bei nikapandisha: atakayefungwa humo anatoa elfu moja. Kisha nikakodi bajaji yenye spika izunguke mji mzima, na maneno niliyatunga mwenyewe: "Mashine ya zamani imekufa! Jumamosi njooni mumwone mrithi wake!" Spika na sufuria ya pilau vilinila laki moja na arobaini na tano. Uzinduzi bila pilau ni mkutano.

Hapo ndipo nilipoharibu, na mgeni asingeelewa nimeharibu nini. Mimi ni Mmakua, na Masasi hii nina mtani Mngoni anayeleta mahindi kutoka Songea. Babu zao walikuja kuwapiga babu zetu, sasa sisi tunalipana kwa matusi ya kucheka. Mtani akija kwenye msiba wako ana ruhusa zote. Atalala kaburini, atakalia jeneza, na maiti haitoki mpaka umpe chochote. Kumkasirikia huwezi, ukikasirika mji wote utakuona hukulelewa. Na mimi nilikuwa nimetangaza kifo kwa spika.

Jumamosi alasiri banda limejaa, nimevaa suti, ndiyo kwanza nanyoosha mkono kuwasha mashine, nikasikia kilio nje. Mtani wangu huyo, kajifunga kanga kichwani, na nyuma yake shangazi zake watano wanalia kwa sauti za kwelikweli. Wakatandika mkeka mlangoni. Yeye akaenda moja kwa moja rafuni, akaishusha mashine ya zamani na kitambaa chake cheupe, akaipakata kama mtoto.

"Maiti iko ndani," akasema, "na nyinyi mnataka kucheza mpira? Wamakua mna roho gani?"

Watu wakalipuka kwa kicheko. Nikacheka na mimi, kwa meno ya mbele.

"Mtani, pisha watu wafanye kazi."

"Kwanza wasifu wa marehemu." Akasimama juu ya benchi langu. "Marehemu hakuugua. Jana alikuwa kazini. Wazazi wake, wenye kiwanda, wamezaa mwingine kabla huyu hajaacha ziwa, halafu huyo mdogo akazaliwa mkubwa kuliko kaka yake. Ndicho kilichomuua!"

"Ni maendeleo hayo!" nikamjibu. "Hii ina nguvu. Unamwona kipa mpaka nywele moja moja."

"Wewe mwenyewe una kipara. Nywele za kipa za nini?"

Shangazi mmoja akaanguka kilio upya, safari hii nadhani kwa kucheka. Nikampa mtani elfu kumi. Akaziweka juu ya maiti na kuendelea kulia. Nikaongeza. Jua linashuka, hakuna aliyecheza hata mechi moja, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu msiba ulikuwa mtamu kuliko uzinduzi. Tulikubaliana laki moja na ishirini.

Nikadhani yamekwisha.

"Sasa watu wamuage marehemu," mtani akatangaza. "Mechi ya mwisho, kila mtu."

Wakaichomeka ile ya zamani kwenye televisheni ya pembeni, foleni ikafika barabarani. Wakaaga Jumamosi. Jumapili wakarudi kuaga. Wiki nzima wanaaga. Kwenye mpya wanakaa wawili watatu, wakitazama majani ya uwanja kwenye televisheni yangu ya mtumba, ambayo kusema kweli majani hayo iliyaonyesha kama kawaida yake.

Kijana mmoja wa bodaboda nikamuuliza kwa nini hakai pale mbele.

"Mzee, nikifungwa hapa natoa mia tano. Nikifungwa pale natoa elfu moja, na wananiona vizuri zaidi ninavyofungwa."

Mvua ya kwanza ilipiga Newala mashine haijarudisha hata hela ya mfereji. Nilikwenda mwenyewe. Nilisimama ndani ya nyumba yangu, mvua inaninyeshea sebuleni, huku mabati ya majirani yanamwaga maji visimani mwao kwa kelele. Mke wangu, aliyekuwa ametangulia kwa mama yake, alikuwa barabarani chini ya mwavuli, ananunua maji kwa ndoo, mvua ikinyesha.

"Shikamoo mama," nikamsalimia mama mkwe.

"Marahaba, baba. Kisima chako kizuri. Kuku wanataga humo, hakuna upepo."

Jumatatu nikaiuza mashine kwa kijana wa Ndanda mwenye televisheni kubwa. Alitoa milioni moja na laki sita, hakuongeza hata nauli. Nikanunua bati, za kawaida, bila rangi, nikasimamia mwenyewe kila msumari, na hakuna paa lililonyooka kama lile mtaa ule. Lakini mpaka msumari wa mwisho unaingia, mvua kubwa zilikuwa zimeshapita, kisima kikapata maji ya kifundo cha mguu, na mpaka masika tulinunua ya laki moja na sitini.

Kwa hiyo wenye viwanda nawaambia hivi: toeni mashine ya katikati mkipenda, nguvu ni nzuri, hata mimi ninazo. Ila mwenzenu hapa zile nywele za kipa, ukitoa nilichopata kwa kuuza na ukijumlisha pilau, spika, mtani na ndoo za maji, zilinigharimu shilingi milioni moja, laki nne na sabini na tano elfu.