Mawe Mawili ya Mlingotini

Mwaka wangu wa pili wa kusomea usanifu wa majengo, tulipewa kiwanja Mlingotini. Kijiji kilikuwa kimetenga eneo la shule ya awali, na darasa letu likaombwa kulipima, kulichunguza na kupendekeza jengo likae wapi. Mimi ni mtu wa bara, nimekulia milimani, na pwani nilikuwa naijua kwa kupita tu. Hilo halikunizuia kujiona mjuzi.

Mhadhiri wetu alikuwa na sharti lililonikera. Siku ya kwanza hakuna kugusa futikamba. Unatembea na daftari, unachora kila unachokiona, hata usichokijua, na umbali unauhesabu kwa hatua zako mwenyewe kutoka vitu viwili visivyohama. "Usichokijua ndicho ukichore kwanza," alisema. Nilinung'unika kwamba hiyo ni kazi ya chekechea, lakini alama zilikuwa mkononi mwake, nikachora. Nikachora mnazi, pembe ya ukuta wa madrasa, vichaka, shimo la taka, hata ndala moja iliyotupwa. Katikati ya vichaka nikachora mawe mawili ya matumbawe, nikaandika pembeni: "Mawe mawili, sijui ya nini."

Siku ya pili vijana wa kijiji walifyeka vichaka ili tupate kuona mbali, nasi tukatoa vifaa. Upepo ulikuwa mkali. Karatasi zikataka kwenda Zanzibar bila nauli. Mwenzangu niliyepangwa naye akaniambia nitafute vitu vizito, nami nikaokota mawe manne hapa na pale, nikayalaza juu ya karatasi. Jioni tukayarundika chini ya mnazi, tukarudi Dar es Salaam tumeridhika. Wiki hiyo mvua za vuli zilinyesha siku tatu mfululizo.

Tuliporudi kumalizia kazi tulimkuta bibi mmoja katikati ya kiwanja. Alikuwa ametoka kwenye shamba lake la mwani baharini, kanga imelowa hadi magotini, bunda la kamba begani. Alipiga hatua mbili, akasimama, akatazama chini, akarudi alikotoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmeamkaje? Wazazi hawajambo?"

Aliuliza habari za safari, za masomo na za kwetu. Salamu zilipokwisha ndipo aliposema, kwa sauti ile ile, "Hapa palikuwa na mawe mawili. Mmeyaona?"

Nikamwonyesha rundo chini ya mnazi, tena kwa majivuno, kwamba hatukutupa hata moja. Akaenda, akachagua mawili bila kusita, akayapakata.

"Haya yalikuwa ya mwanangu," alisema. "Moja la kichwani, moja la miguuni."

Kwetu bara kaburi lina saruji, msalaba na jina. Pwani mawe mawili yanatosha, na mwenyeji akiyaona yametazamana namna ile hayagusi. Ndiyo maana bibi hakumwambia mtu yeyote. Hakudhani yupo binadamu wa kuyahamisha. Zamani pale palikuwa nyuma ya nyumba yao ya udongo, na mtoto alifariki akiwa na miezi saba. Nyumba ilianguka, eneo likawa la kijiji, na mumewe, aliyelichimba kaburi lile, naye ameshazikwa. Yeye alipajua kwa vichaka na kwa mawe. Vichaka tulikuwa tumevifyeka, mawe nimeyahamisha, na mvua imesawazisha mchanga wote.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Niliomba radhi mara nyingi hadi nikawa kero. Hakunikaripia, na laiti angenikaripia ningepata nafuu. Alisema tu, "Basi. Mungu anajua alipo." Lakini macho yake yaliendelea kutafuta.

Mwenzangu ndiye aliyekumbuka daftari. Tukafunua kurasa, tukayakuta: hatua kumi na nne kutoka mnazi, ishirini na mbili kutoka pembe ya madrasa, upande wa baharini. Shida ni kwamba hatua za siku ile zilikuwa za mtu aliyenuna. Umbali wa kutoka mnazi hadi ile pembe nao ulikuwa umeandikwa, kwa hiyo nikautembea mara nne, mpaka hatua zangu zikalingana na za daftarini. Bibi akafungua bunda lake, akatupatia kamba mbili za kufungia mwani. Tukazikata kwa hatua hizo: ya kumi na nne tukaifunga kwenye mnazi, ya ishirini na mbili mwenzangu akaishika kwenye pembe ya madrasa. Nikavuta ncha zote mbili hadi zikakutana, nikapiga magoti hapo hapo.

Bibi akachutama kando yangu, akaondoa mchanga wa juu kwa kiganja. Shubiri moja kutoka kwenye vidole vyangu palikuwa na kishimo cha udongo mgumu, mweusi, mizizi imelala bapa. Akaweka jiwe. Likakaa, halikutikisika. La pili alilipatia mahali pake mwenyewe, hatua moja fupi mbele.

Mpaka leo hii ndiyo kazi yangu, kupima viwanja kabla watu hawajajenga, na sijaacha sharti la yule mhadhiri. Namshukuru kwa kunilazimisha kufanya nilichokidharau. Namshukuru mwenzangu kwa kichwa kilichotulia. Na bibi yule, ambaye angeweza kunifukuza kijijini na watu wote wakampa haki, alitukaribisha mihogo ya nazi mchana ule, nami nikala huku nimeinamisha uso.

Mchoro ulipokamilika nilimpelekea. Jengo tulikuwa tumelisogeza na kulipinda kidogo, na pembeni tumeacha nafasi tupu yenye mstari mwembamba kuizunguka. Hajazoea ramani. Akaniomba nimwonyeshe mwanawe yuko wapi. Nikamshika kidole, nikakiweka pale, naye hakukiondoa kwa muda mrefu.

"Tangu baba yake afe," alisema, "nilikuwa napajua peke yangu. Ahsante, mwanangu."