Ua la Udongo la Mama Mdogo

Harufu ya mabibo yanayochacha chini ya mikorosho hunirudisha Mnero, mwaka mmoja wa miaka ya tisini, tulipomzika mdogo wangu Tumaini, ambaye hakufikia hata umri wa kutambaa. Kaburi lilikuwa nyuma ya shamba letu, na mama ni kama alihamia huko. Kila asubuhi alijitanda kanga yake, akaenda kuketi kando ya kaburi mpaka jua lizame. Hakupika, hakuokota korosho, na mimi alinitazama kama mtoto wa jirani. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mazishi.

Ndipo akaja mdogo wake kutoka Ruponda, mama mdogo Melania, mfinyanzi mwenye maneno yake. Hakumbembeleza dada yake. Alichota udongo wa kichuguu, akauchanganya na nyasi na maganda ya mahindi, akafinyanga ua kubwa kama ungo, petali zake nyingine zimekunjamana kingo kana kwamba zimeanza kunyauka. Hakulichoma. Alilibeba hivyo hivyo, akaliweka juu ya kaburi.

“Dada, kaa na hili,” alisema. “Lia uwezavyo. Likiisha, unarudi kwa wanao. Tumeelewana?”

Mama akaitikia kwa kichwa.

Tangu hapo wenzangu waliomba nguo za Krismasi, mimi nikaomba mchwa. Walikuja kweli, wakawa wanakula zile nyasi kwa uvivu wa kuudhi, huku jua likizidi kuukausha udongo. Kisha baba, kwa nia njema kabisa, akarudi kutoka Nachingwea mjini na shada la maua ya plastiki.

“Haya hayaozi kamwe,” alisema kwa fahari, akielekea nalo kaburini.

Niliangua kilio. Yakiwekwa pale, mama angerudi lini? Mama akamzuia kwa mkono.

“Asante, Baba Skola. Yapeleke nyumbani. Mimi nina ua langu.”

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana. Nilikimbilia kaburini, nikamkuta mama amesimama analowana, akitazama petali zikilegea na kuanguka moja moja. Alilia kwa sauti, lakini hakulifunika. Mvua iliendelea siku kadhaa, mpaka pale juu pakabaki tope tu. Mama akanigeukia, akanishika kichwa.

“Nani kakusuka hivi, Skola? Mbona kichwa kimekuwa kichaka?”

Nilicheka huku nalia. Jioni ile alinisuka, akinivuta nywele mpaka machozi yakanitoka, na sikulalamika hata kidogo.

Siku hizi kwetu makaburi yanajengewa vigae, na maua ya plastiki yamejaa juu yake. La Tumaini limeota nyasi. Mama hupita pale akienda kuokota korosho, humsalimia mwanawe kwa jina, kisha huendelea na safari yake. Yale maua ya baba bado yapo sebuleni juu ya kabati, yamepauka. Nilipokwenda kumsalimia mama mwaka jana, nilimkuta anayafuta vumbi huku akinung’unika.

“Maua gani haya, hata kufa hayajui.”

Akayarudisha juu ya kabati, akanitazama kichwani.

“Na wewe hebu kaa hapa nikusuke.”