Bunduki Moja kwa Kanga na Bata Mzinga

Miaka miwili nililinda mlango wa duka la bunduki hapa Dubai, sare imepigwa pasi, mdomo umefungwa. Niliwahi kumwomba arbab, mwenye duka, anijaribu kwenye kaunta. Alicheka hadi akakohoa. Akaniambia siku nitakayomsumbua mteja atanirudisha kwa kampuni ya ulinzi, nami nilijua kampuni ingenirudisha Kenya.

Na bunduki za ndege nazijua kuliko muuzaji wake! Baba yangu aliwaongoza wawindaji wa kanga na kwale huko Laikipia. Kwetu mezani risasi zilizungumziwa kuliko shule.

Siku hiyo akaingia mzee wa Kiarabu, kanzu nyeupe pe. Alitaka bunduki moja ya safari mbili: kanga Tanzania, kisha bata mzinga Marekani. Muuzaji akamletea dude zito pamoja na risasi ndefu kali, akaapa kwamba linafaa kwa ndege wote. Mzee akaliinua begani, akaguna kwa Kiswahili safi cha Unguja: "Mashallah, hili litaning'oa bega."

Nikasema liwalo na liwe.

"Shikamoo, mzee. Ukimpiga kanga na hiyo, utachinja nini? Manyoya?"

Aligeuka, macho yamemtoka. "Marahaba, mwanangu! Kumbe wajua mambo ya kanga?"

Basi nikafunguka. Nikamweleza kwamba baba hakutoka kuwinda bila jirani yetu Mwislamu na kisu chake, ndege achinjwe kabla hajakata roho, watu wote wale. Kwa hiyo risasi kali hakuzitaka kabisa. Kanga unamfuata kwa miguu kutwa nzima, bunduki iwe nyepesi. Bata mzinga unamsubiri umekaa, unamlenga kichwa na shingo, marisawa, zile chembe za ndani ya risasi, yaende yamebanana. Nikamwonyesha bunduki ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, yenye midomo ya kubadilisha kwenye ncha: mdomo uliofunguka kwa kanga, uliobana kwa bata mzinga. Risasi ya kawaida, chembe namba sita, kwa kanga; nzito, namba tano, kwa bata mzinga. Kitako kikamkaa shavuni sawasawa. Tukacheka wote wawili, nikasahau kwamba mimi ni mlinzi.

Arbab akatoka ofisini amekunja uso. "Security! Mlangoni, yalla!"

Mzee akamjibu kwa Kiarabu, maneno marefu ambayo sikuyaelewa. Arbab akanitazama, akaitazama bunduki, akanitazama tena.

"Kesho sare iache nyumbani," akasema. "Utakaa kaunta."

Nilitoka nje mbio nikampigia baba, nikamsimulia yote kwa pumzi moja huku nalia. Aliuliza swali moja tu.

"Kanga ulimpa namba ngapi?"

"Sita."

Kisha nikamsikia akimwita mama kwa sauti ya kuamsha kijiji: "Njoo usikie! Msichana wetu anauza bunduki Dubai!"