Nilitia Tiki kwa Karatasi ya Mbwa, Sasa Naitwa Mpangaji kwa Boma ya Mume Wangu

Admin, ficha jina langu na ile picha niliyokutumia usiiweke. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na nne, mjane, mama wa msichana mmoja aliye kidato cha tatu. Nalima viazi huku juu kwa baridi, upande wa Kiirua. Msianze kuniambia pole. Pole nimeshiba. Niko na hasira, na nataka mtu anisaidie kufikiria kabla haijanipeleka pabaya.

Marehemu mume wangu alipenda mbwa kupita kiasi, wale wakubwa wa masikio yaliyosimama ambao watu huita mbwa wa polisi. Aliniachia majike wawili. Mimi si mfanyabiashara wa mbwa, jamani. Jike anazaa mara moja kwa mwaka, watoto wakiacha kunyonya majirani wanakuja kuchukua. Na kwa hii boma mtoto wa mbwa hatoki bure. Unaleta kuku, ndiyo mbwa akae kwako asirudi kwa mama yake. Hivyo ndivyo mama mkwe alinifundisha nikiwa bibi arusi, na hivyo ndivyo nimefanya miaka yote.

Mwaka huu chifu akaita baraza, tukaambiwa anayezalisha mbwa na kuuza lazima awe na kibali. Nikarudi zangu shambani, maana mimi siuzi. Wiki iliyofuata afisa wa mifugo huyo hapa mlangoni, msichana mdogo na buti mpya, anapima kibanda cha mbwa na futi. Kumbe kuna jirani alinitaja.

"Mama, ukipokea kuku, umeuza," akaniambia.

"Na ukienda kuona mgonjwa na sukari, umenunua mgonjwa?" nikamuuliza. Hakucheka.

Akasema sakafu ya kibanda iwe ya simiti. Simiti! Mimi jikoni kwangu napika juu ya udongo, lakini mbwa walale kwa simiti. Nikaweka. Chanjo nilikuwa nayo tayari, hiyo sina ubishi nayo. Aliporudi kukagua, akatoa fomu. Kuna mahali pa kutia tiki, mwenye shamba ama mpangaji. Mwenye shamba alete hati, mpangaji alete sahihi ya mwenye shamba. Siku saba, la sivyo mbwa wanachukuliwa.

Nikamwambia mimi si huyu wala yule. Mimi nimeolewa hapa. Shamba bado liko kwa jina la baba mkwe, aliyekufa bila kugawa.

"Mama, hiyo ya kuolewa haiko kwa fomu," akasema, na akaenda.

Sasa sikieni ujinga wangu. Anayeshika hati ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu. Huyu ndiye tangu mazishi ananiambia nirudi kwetu Mitunguu nikalime ndizi. Hajawahi kunisaidia hata kwa jembe. Lakini siku hiyo nilipofika kwake na fomu, aki akaniwekea kiti, akaitisha chai.

"Mama K, hii ni karatasi ya mbwa tu," akasema. "Weka tiki hapo kwa mpangaji, mimi niweke sahihi, tumalize mambo ya serikali."

Nilikuwa nafikiria mbwa. Mmoja ana mimba, na kwa zile siku saba zilikuwa zimebaki mbili. Nikatia tiki. Nikaandika jina langu lote na namba ya kitambulisho. Yeye akaweka sahihi, akatoa simu, akapiga picha, ati ya kumbukumbu. Nikamshukuru! Nilimshukuru kwa mdomo wangu huu.

Jumamosi iliyopita ukoo ukakaa kuzungumza jinsi shamba litagawanywa. Shemeji akasimama na karatasi iliyochapishwa. "Huyu mama amekubali mwenyewe, kwa mkono wake, ni mpangaji wangu. Mpangaji hupewa notisi, hapewi shamba." Wazee wakapitishiana ile karatasi, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyenitetea. Hawa ndio walikunywa uji wangu siku ya mahari yangu. Nilimwita shemeji jina ambalo siwezi kuandika hapa, nikatoka nikilia mbele ya watu wote.

Nikaenda ofisi ya mifugo. Yule msichana akasema fomu inaweza kufutwa, lakini niandike barua nikiri kwamba nilidanganya. Nikikiri, kibali kinakufa siku hiyo hiyo na mbwa wanachukuliwa, hata huyu wa mimba. Na naweza kushtakiwa kwa kuandika uongo. Nikamuuliza kwani nilidanganya aje, na nyinyi ndio hamkuniwekea mahali pangu? Akaniambia, "Mama, mimi sikutengeneza fomu."

Rafiki yangu wa kanisa anasema mbwa ni mbwa, niokoe shamba la mtoto. Ni kweli. Lakini hao mbwa ndio walifukuza watu waliokuja kung'oa viazi vyangu mara mbili, na shemeji anajua vizuri nikikosa mbwa nitaishi hapa nikiwa naogopa hadi niondoke mwenyewe. Na msichana wangu anawapenda kwa sababu ni baba yake aliwaacha. Nikikaa kimya ili nibaki nao, Jumamosi ijayo ukoo unakaa tena, na ile karatasi itaongea badala yangu.

Barua nimeanza kuandika, iko hapa mezani. Nimeandika kwamba mimi si mpangaji. Mstari wa pili nilitaka kusema mimi ni nani kwa hili shamba, na nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Baite, Wameru wenzangu, na nyinyi wengine wote mnaosoma, hasa mliowahi kupitia mambo ya ardhi, nishaurini. Niipeleke hiyo barua ama niiache? Na hapo kwa mstari wa pili, niandike nini?